Gunzi la Matangani

Kama umekaa kwenye benchi la kliniki ya macho unasubiri jina lako liitwe, basi kushoto kwako yupo mtu anayeujua ugonjwa wako kuliko daktari. Namjua. Nimekaa naye Dar, nimekaa naye Mwanza, na hapa Bariadi nilimkuta ameshaniwekea nafasi. Mara nyingi hata si mgonjwa; kamsindikiza shangazi yake na hana la kufanya. Mimi aliniambia kwamba kioo cha jicho kikipandikizwa hakishiki kwa mtu anayekula dagaa. Usimjibu. Ukimjibu atahamia kwenye ini.

Nakuandikia kwa sababu nilipokaa kwenye benchi hilo nilipewa pole mpaka zikanikinai, ila jambo la maana sikuambiwa na yeyote. Sasa mabaya yamepita, na mdomo ninao bado.

Naitwa Shija, ni dalali wa ng'ombe. Mnadani mtu anakuletea maksai mzee, kamlambisha chumvi na kumnywesha maji mpaka mbavu zimepotea, halafu anakuapia kwa jina la mama yake kwamba mnyama ni kijana. Kazi yangu ni kumtazama huyo ng'ombe, kisha kumtazama mwenyewe, na kujua yupi mwongo zaidi. Nimekula kwa macho tangu ujana. Ndiyo maana vidonda viliponishika, kwanza jicho la kushoto kisha la kulia, vikaacha makovu meupe kama maziwa yaliyoganda, niliona maisha yangu yamekwisha. Vidonda hivyo vilitoka wapi sitakusimulia. Kila mtu katika ukoo wetu ana maelezo yake, na yote ni upuuzi.

Jicho la kushoto lilibaki na mwanga na vivuli, basi. La kulia, baada ya safari nyingi, lilipandikizwa kioo kipya huko Dar. Kioo hicho kilitoka kwa mtu aliyefariki nchi za mbali, kikaletwa kwa ndege. Mimi mwenyewe ndege sijapanda. Daktari, binti mdogo kuliko mwanangu wa kwanza, aliniambia maneno ambayo nakuachia kama yalivyo.

"Mzee, kovu la mguuni linakomaa. Hili la jicho halikomai hivyo. Hata miaka ikipita, kiwiko cha mtoto kinaweza kulifumua. Vaa miwani ya kinga mchana, na kifuniko ukilala."

Nilirudi nyumbani watu wakipanda pamba. Minza, mke wangu, alikabidhiwa dawa za matone, na tangu siku hiyo hakumaliza kupika wala kusali bila kukatishwa. "Wewe umepewa jicho," aliniambia, "mimi nimepewa saa." Wakati wa palizi nikaanza kuona maua ya khanga yake. Pamba ilipopasuka nilikuwa nimesimama mnadani, miwani usoni, nikimwambia tajiri mmoja kwamba fahali wake ana meno ya babu yangu. Nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu, na Minza analijua hilo.

Wageni walikuja, bila shaka. Hawakuja kunijulia hali, walikuja kutazama jicho la maiti. Mzee mmoja alitoka Kiloleli, safari yote ile, akakaa kwenye kigoda changu na kuniuliza kwa sauti ya chini kama usiku naona wafu. Nikamwambia naona mmoja hata mchana, amekaa mbele yangu anamaliza uji wangu. Alikasirika, lakini uji aliumaliza.

Kisha Mjomba Masunga akafariki, kule Zagayu. Pamba ilikuwa imeshavunwa, imejazwa vyumbani kusubiri wanunuzi, watu wanalala barazani.

Hapa lazima nikueleze watani, maana huenda kwenu desturi hiyo imekufa. Ukoo wetu una watani wake. Sisi tukifiwa tunalia, wao wanakuja kutucheka, na ruhusa hiyo ni kamili. Mtani atavaa koti la marehemu, atatembea kama marehemu, atawatukana warithi mbele ya wakwe zao, na hakuna wa kukasirika. Ukikasirika unajishushia heshima. Mtani hashtakiwi, mtani hanuniwi. Ni desturi nzuri, niliwahi kuisifu kwa kinywa changu mwenyewe, kwa kuwa matanga bila watani ni kilio mpaka koo likauke.

Mtani wetu mkuu ni Nkwimba, mjane wa makamo, mnene, mwenye sauti ya kuwaita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Tumetukanana tangu tukiwa vijana. Nilipooa alimwambia Minza mbele ya watu kwamba amepewa fisi aliyevaa suruali.

Tulikaa uani kwa marehemu. Kaka yangu Kulwa, mmoja wa mapacha walionitangulia kuzaliwa na asiyesahau kunikumbusha kwamba yeye ndiye mkubwa, akanisogelea.

"Shija, vua hayo madubwana usoni. Msibani mtu anaonyesha macho yake. Unataka waseme hulii?"

"Ni amri ya daktari, kaka."

"Huyo daktari ni wa ukoo gani?"

Wazee wawili wakaguna kumuunga mkono. Sijawahi kuulizwa swali la kijinga kama lile, hata mnadani, na ndilo lililonishinda. Nikavua miwani, nikatia mfukoni. Wewe unayesoma, usivue. Avue mtu mwingine nguo zote kama anataka kumheshimu marehemu, wewe miwani yako ibaki palepale.

Mjomba Masunga alikuwa na tabia moja iliyojulikana kijiji kizima. Mtoto au kuku akisogelea pamba yake, mzee alimtwanga gunzi la mahindi. Alikuwa na kapu la magunzi mlangoni kwa kazi hiyo. Basi tukiwa tumekaa, Nkwimba akatoka ndani amevaa koti la mjomba na kofia yake, anachechemea kama yeye, kapu kwapani.

"Tokeni kwenye pamba yangu, mijizi nyie! Mmekuja kunizika au kunipima robota?"

Magunzi yakaanza kuruka. Uani pakalipuka kwa kicheko, hata mjane akajifunika uso kwa khanga mabega yakimtikisika. Nami nilicheka, mdomo wazi, na ndipo moja likanipata.

Halikuuma sana. Hilo nataka ulijue, kwa sababu wengi watakuambia kwamba kama hakuna maumivu hakuna jambo. Nilisikia pigo dogo, kisha maji ya vuguvugu yakateremka shavuni, na ua mzima ukageuka maziwa.

Nikasema, "Jicho limepasuka."

Watu wakaangua kicheko kikubwa kuliko cha kwanza.

"Lipasuke!" Nkwimba akajibu ndani ya koti la mjomba. "Lilikuwa la wizi!"

"Nkwimba, umenitoboa jicho!"

"Lete na la pili, yalingane!"

Wakapiga makofi. Hapo nikaelewa balaa lililonipata. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa maneno, na kila neno nililopaza pale lilipokewa kama jibu la utani, tena jibu zuri. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo walivyonishangilia. Niliogopa sana. Nikakaa chini, nikaweka mikono magotini, nikanyamaza.

Minza ndiye aliyegutuka, upande wa wanawake. Baadaye aliniambia kilichomshtua: "Ulitukanwa, hukurudisha." Alikuja mbio, akanishika kidevu, akaniinua uso.

"Mayu wane, mama yangu! Acheni kucheka! Acheni!"

Kicheko kilikatika kwa zamu, walio nyuma wakiendelea kidogo. Halafu wakaja waganga. Mmoja alitaka nikamuliwe maziwa ya mama anayenyonyesha. Mwingine alikwenda kuchuma majani ambayo jina lake hakulijua ila sura aliikumbuka. Wa tatu alikuja na kitambaa cha maji baridi, akataka kukandamiza. Minza aliokota fimbo ya marehemu.

"Atakayegusa jicho hili, nitamtoboa la kwake."

Alichukua kikombe cha plastiki, akakata kitako chake kwa kisu, akakifunika juu ya jicho bila kitu chochote kuligusa, akakifunga kwa upande wa khanga. Alikuwa amemsikiliza daktari wakati mimi nasikiliza bei ya ng'ombe. Kumbuka hilo la kikombe. Usioshe, usikande, usifikiche. Funika tu na uondoke.

Kaka yangu alishauri tungoje chakula kiishe, msiba usije ukavurugika.

Tulipata gari dogo mpaka Bariadi. Pale walinipokea vizuri, wakanichoma sindano, wakaandika rufaa, na kabla ya jua kuzama tulikuwa njia ya Lamadi kuelekea Mwanza, mimi nimeketi kichwa kimeegemezwa kwenye kifua cha mke wangu kama mtoto mchanga. Nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu, kwamba jicho la pili la kufanyia majaribio sina.

Mwanza, kwenye benchi, jirani yangu wa kushoto alikuwepo.

"Gunzi?" akauliza. "La mahindi meupe au ya njano?"

Daktari wa pale hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisema mshono umefumuka nusu ya mduara na utando mweusi wa ndani umechungulia nje. Walinishona tena. Kulipokucha akasimama kando ya kitanda.

"Tumeurudisha ndani, tumeshona. Sasa utaona ukungu. Kama kioo bado kina uhai, ukungu utaondoka polepole. Kama kimekufa, utabaki hivyohivyo."

"Na wewe unaonaje?"

"Mimi siwezi kukudanganya, mzee. Tusubiri."

Nilimchukia kwa jibu lile, kisha nikamheshimu. Katika watu wote waliofungua kinywa kuhusu jicho langu mwaka ule, yeye na Minza tu ndio waliokubali kwamba kuna jambo hawalijui.

Nikuambie na yale wasiyoyasema wengine. Uso ulivimba mpaka pua ikapotelea katikati. Kope zilijaa mchanga usioonekana. Mwanga wa dirishani ulinifanya nilie kama mke wa pili. Kukohoa ni marufuku, kuinama marufuku, kupiga chafya dua. Na choo: mtu mzima akikaa kitandani na hofu, tumbo hufunga, na kujikamua ni hatari kwa mshono. Kula papai, kula mlenda, usione aibu. Ndevu ziliota hovyo kwa sababu Minza alikataa wembe usogee karibu na uso wangu. Suruali zikaanza kunitoka kiunoni. Niliyekuwa nikiwapima ng'ombe kwa macho ningejipima mwenyewe, nisingejinunua.

Tuliporudi nyumbani, tuliukuta ukoo umekaa kikao. Kulwa alikuwa akiongea kwa sauti ya jukwaani. Nkwimba atozwe ng'ombe, alisema, na utani kati ya koo zetu ukatwe kuanzia leo. Wazee wakaguna, walewale wawili, naijua miguno yao. Mwenye jicho nilikuwa nimeketi palepale, na hakuna aliyeniuliza.

"Kaka," nikasema, "nani alinivua miwani?"

Nikasikia kigoda kikikwaruza sakafu na viatu vikielekea mlangoni. Ndugu yangu hakurudi kwangu mpaka mvua zikaanza, na aliporudi alizungumzia mbegu za pamba.

Kikao kikafa bila uamuzi. Siku ya gulio iliyofuata, Nkwimba akaja.

Minza alinong'ona kwamba amesimama mlangoni na bakuli. Nikajiweka sawa kupokea msamaha na kuukataa.

"Mwadila, chongo!" akanisalimu kwa kunguruma. "Bado unapumua? Nimekuletea matobolwa, ule unenepe, tusihangaike kutafuta mchinjaji wa kukuchuna!"

Sikuamini masikio yangu, na masikio ndiyo niliyobaki nayo. Yule mwanamke alinipasua jicho, na sasa amekuja nyumbani kwangu kunitania. Nilimdharau kutoka moyoni. Niliwadharau wengi katika ugonjwa huu, ila wengine niliwadharau kwa kupita tu. Yeye nilimtengea nafasi. Nikageuza uso ukutani, nikanyamaza. Kwa mtani, kunyamaziwa ni kufukuzwa.

Hakufukuzika. Kila gulio alipanda kutoka Zagayu, akauza alichouza, akaja. Mara matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, mara mlenda, mara maziwa mgando. Na kila mara matusi mapya. Mimi kimya.

Mvua zilipokolea, Minza alilazimika kwenda shambani, na watoto wetu wote wana miji yao. Siku za gulio alianza kumwachia Nkwimba chupa za dawa bila kuniomba ruhusa. Tuligombana kwa hilo.

"Mwanamke aliyenitoboa ndiye unayempa jicho langu?"

"Mimi nimechoka, Shija." Alisema bila kupandisha sauti. "Nalala kwa vipande. Kila anayekuja hapa anaongea na wewe kama tayari uko kaburini, halafu anakunywa chai anaondoka. Huyu peke yake anakutukana kama mtu mzima, na vyombo anaosha. Mjibu."

"Sina la kumjibu."

"Basi tulia akutie dawa."

Nikatulia. Mkono wa Nkwimba ulikuwa mzito kila mahali ila pale. Alivuta kope la chini taratibu, akadondosha tone bila kunigusa, akisema, "Usitikisike, jambazi. Dawa hii ina thamani kuliko ukoo wenu." Kisha alivuta pumzi ndefu na kupenga kamasi. Kila mara ilikuwa hivyo, matusi, tone, makamasi.

"Mwambie mtani wako asiniambukize mafua," nilimwagiza Minza siku moja aliporudi shambani mapema.

"Ni moshi wa jiko lenu," Nkwimba alijibu kutoka uani. "Mnapikia kinyesi cha ng'ombe kama kuni zimekwisha duniani!"

Asubuhi zote zilifanana. Minza alifungua kifuniko na kuuliza, "Ukungu?" Nami nikajibu, "Upo." Pamba ikaota, ukungu upo. Mahindi yakafika magotini, upo. Nilikwenda Mwanza kukaguliwa, daktari akamulika taa yake, akasema tusubiri. Nilianza kujifunza nyumba kwa vidole, kimyakimya, ili Minza asijue kwamba nimekata tamaa. Nadhani alijua, kwa sababu aliacha kuhamisha viti.

Kisha asubuhi moja niliona mistari. Ilikuwa fito za dirisha. Sikumwambia mtu. Usimwambie mtu mambo hayo mapema, wataleta nyimbo. Kesho yake mistari ilikuwepo, na kati ya mistari palikuwa na kijani. Nililala chali nikaogopa kufurahi.

Ilikuwa wakati wa palizi, siku ya gulio. Minza alikuwa shamba lililo nyuma ya nyumba, jembe lake nalisikia. Nkwimba akaingia na bakuli lake, akaanza kabla hajavuka kizingiti.

"Mwadila, mzoga! Nimepita mnadani. Wamepata dalali mpya, ana macho mawili na adabu. Hakuna aliyekuulizia, hata ng'ombe!"

Aliinama juu yangu na chupa. Nikaona mkono. Kisha nikaona khanga, nyekundu, imepauka. Kisha ukungu ukakaa kando kidogo, kama mtu anayepisha njia, nikaona uso wa Nkwimba kwa mara ya kwanza tangu matanga.

Mdomo ulikuwa ukitukana bila kusita. Na machozi yalikuwa yakimtiririka mashavuni, yanapita pembeni mwa mdomo huohuo, yanadondokea kwenye khanga. Hakuyafuta, kwa kuwa mkono mmoja ulishika kope langu na mwingine chupa. Alikuwa na mazoea nayo. Akamaliza tusi, akadondosha tone, akageuka pembeni na kupenga.

Yale hayakuwa mafua. Wala jiko langu halikuwa na moshi saa ile, liko mbali na halijawashwa.

Nilifikiri juu ya kikao chetu, na faini ya ng'ombe, na pole zote zilizomwagwa chumbani mle na macho makavu. Kama angeomba msamaha hata mara moja, utani ungekwisha, na angebaki mwanamke aliyempofusha mtu. Aliuchagua utani, akaubeba kila gulio kutoka Zagayu, akanitupia mimi niliyegeukia ukuta. Niliona haya, na mimi si mtu wa kuona haya.

"Nkwimba," nikasema.

Chupa ikatulia hewani. Hakuwa amenisikia nikilitamka jina lake tangu siku ya gunzi.

"Kumbe umezeeka hivi? Na hayo meno yako mawili ya mbele umeyapeleka wapi?"

Alinitazama. Nikamtazama. Alisogea kushoto, jicho likamfuata. Akasogea kulia, likamfuata.

"Minza!" Sauti ile ya ng'ambo ya mto ikatikisa bati. "Minza, njoo! Njoo mbio! Ananitukana! Anasema sina meno!"

Jembe likaanguka. Minza akafika mlangoni na matope mpaka magotini, akatutazama wote wawili, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli nayaona meno ya Nkwimba. Nikamwambia hayapo, nitayaonaje.